Zima Kwanza

Usiku mmoja wa Januari 2010, mlango wetu wa Malindi, Mji Mkongwe, uligongwa kwa kishindo. Ilikuwa yapata saa saba. Kisiwa kizima kilikuwa hakina umeme. Ulikatika tarehe 10 Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kukumbushwa. Nyinyi wa kwengine, hebu fikirieni miezi mitatu ya joto la kaskazi bila ya feni, bila ya friji, na maji yenyewe hayatoki bombani kwa sababu pampu nazo zinakula umeme.

"Nani?" mjomba aliuliza.

"Mie, wa mlango wa pili. Hodi jamani! Naomba simu, mama sukari imemshuka, yetu imekwisha chaji."

Mjomba hakwenda mlangoni. Alinigeukia, akaninong'oneza: "Zima kwanza."

Alichotaka nizime ni feni. Chini ya kitanda chetu palikuwa na betri ya gari, na juu ya betri palikuwa na inveta ndogo. Kila jioni mjomba aliipeleka betri ile kwa rafiki yake mwenye jenereta ikachajiwe, akaipitisha uchochoroni imefunikwa kanga kama mtu aliyebeba sinia la harusi. Mtaa mzima haukujua. Nilizima. Lakini feni ukiizima haisimami papo hapo. Mapanga yake yanazunguka, yanazunguka, kama yasiyoamini. Tulingoja yasimame. Kisha mjomba akawasha kandili, ili atakapofungua tuonekane na sisi ni watu wa kandili. Ndipo akafungua.

Simu yangu ilikuwa imejaa chaji pomoni. Mjomba alimpa binti wa jirani, akamwambia, "Mwanangu, ina chaji kidogo, piga haraka." Akapiga kwa kaka yake Kikwajuni, kaka akaja na gari, mama yao akapelekwa Mnazi Mmoja, na baada ya siku mbili akarudi nyumbani kwa miguu yake. Hakufa mtu. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi niliiacha iishie hapo.

Lakini kuna ile dakika moja. Pengine haikufika dakika. Tulikuwa tunangoja feni isimame huku mtu amesimama nje na mama yake anazimika. Tangu siku hiyo, kila nikisikia wataalamu wanazungumzia kuhifadhi umeme, umeme wa jua, umeme wa upepo, betri kubwa kama makontena, mimi nasikia sauti ya mjomba. Makala haya nayaandika ili niulize swali moja tu: kuweka akiba kunageuka saa ngapi kuwa kuhodhi?

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonitia haya mwanzo.

Betri ile ilikuwa ya volti 12, ampea-saa 70. Ukizidisha unapata wati-saa 840, yaani kama uniti moja kasoro, zile uniti tunazozinunua leo kwa Tukuza. Lakini betri ya risasi na asidi haitaki kunyonywa mpaka mwisho. Ukivuka nusu mara kwa mara, unaiua. Kwa hivyo tulikuwa na wati-saa kama 400 za kutumia kila usiku. Feni ya meza inakula wati 50 hivi. Gawa: saa nane. Tulilala, feni ikalala na sisi, asubuhi betri imekwisha.

Sasa chukua simu za wakati ule, zile ndogo za kubonyeza. Betri yake ilishika wati-saa nne hivi. Hata ukihesabu umeme unaopotea njiani, betri yetu ingechaji simu 80 kwa usiku mmoja. Themanini! Mtaa wetu wote na wa pili yake. Au ingewasha taa moja ndogo ya LED ya wati 5 kwa saa 80. Upepo wa feni kwa watu wawili vijana wazima, upande mmoja; upande wa pili, simu za mtaa. Hatukuwahi kuipiga hesabu hii. Sidhani kama tungependa kuipiga.

Na jenereta je? Mjini palikuwa na majenereta mengi wakati ule, ya mahoteli, ya maduka, ya wenye nacho. Yalinuka, yalinguruma, yalitunyima usingizi. Lakini jenereta lina adabu moja ambayo betri haina: halijifichi. Likiwaka, mtaa mzima unajua nani ana umeme, na watoto wanakuja na chaja mkononi, "Shkamoo, mama kanituma." Mwenye jenereta anaweza kukataa, lakini lazima akatae uso kwa uso. Betri haingurumi. Ni chombo cha kwanza kilichotuwezesha kuwa na umeme kimya kimya. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba ufundi wa kuhifadhi una jambo lake la kimaadili, nalo ni kwamba akiba ni rahisi kufichwa kuliko pato.

Kuna kejeli nyengine katika miezi ile, na hii sikuiona mpaka nilipokuwa mtu mzima. Umeme ulikatika Disemba ukarudi Machi. Wavuvi wa Malindi watakwambia hiyo ni miezi gani: ni kaskazi yenyewe. Ule upepo uliowaleta mabaharia wa Arabuni, Ghuba na Bara Hindi na tende zao na chumvi na papa mkavu ulikuwa ukivuma juu ya mapaa yetu siku baada ya siku, katika miezi ileile tuliyokaa kizani. Nguvu ilikuwepo. Ilipita tu. Tulikaa barazani tukijipepea kwa vipepeo vya ukindu, mbele yetu bahari imejaa povu.

Hata kama tungekuwa na mitambo ya upepo Paje au Makunduchi, jambo lisingekwisha. Umeme una tabia moja ambayo bibi yangu angeielewa bila ya kusoma fizikia: hauna kiporo. Wali ukibaki, unaufunika, asubuhi unaupasha. Umeme unapikwa na kuliwa papo hapo. Kila sekunde, unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, la sivyo mtandao mzima unayumba. Upepo nao haupiki kwa ratiba ya walaji. Unavuma unapotaka, na sisi tunawasha taa magharibi ikiingia. Katikati ya vitu hivi viwili kuna shimo, na shimo hilo ndilo linaloitwa kuhifadhi.

Wazee wetu walilijua shimo hili vizuri sana, ila waliliziba kwa njia zao. Nahodha hakuuweka upepo katika chupa. Aliweka bidhaa ghalani na akaweka subira moyoni. Alikuja na kaskazi, akauza, akanunua boriti na karafuu, akangoja maleleji yapite, kusi ikisimama akatweka tanga akarudi kwao. Mji huu una maghala mengi na mabaraza mengi kwa sababu hiyohiyo: ni mji wa kungojea upepo. Akiba yetu ya kale ya upepo ilikuwa ghala na muda.

Na mtungi. Jirani yetu wa mlango wa pili, yule mgonjwa wa sukari, dawa yake ya sindano ilihitaji ubaridi, na friji lake lilikuwa limekufa kama mafriji yote. Aliifunga chupa katika mfuko wa plastiki, akaitumbukiza ndani ya mtungi wa udongo, na mtungi akauweka dirishani. Mtungi unavuja jasho. Upepo unalikausha lile jasho. Kukauka kunavuta joto kutoka ndani. Maji yanapoa. Basi nyumba mbili zilizopakana zilikuwa na akiba. Yeye alikuwa akiuhifadhi upepo wa bure dirishani, mbele ya macho ya kila mpita njia. Sisi tulikuwa tukihifadhi umeme wa petroli chini ya kitanda ili tutengeneze upepo wa siri.

Upepo hauna mwenyewe. Hakuna sheria ya kisiwa hiki, wala dini, wala mila, inayosema kaskazi ni ya fulani. Lakini upepo uliokwisha kuwekwa una mwenyewe. Mara tu unapoutia katika betri, barafu, tangi au ghala, unapata mlango, na mlango una ufunguo, na ufunguo una mkono. Kuhifadhi ni kugeuza kitu cha wote kuwa kitu cha mtu, au cha shirika, au cha serikali. Sisemi ni vibaya. Bila ya hivyo tungekufa njaa kila kiangazi. Nasema tu kwamba kitendo cha kuhifadhi hakiishi kwenye ufundi. Kinaanzia hapo.

Lugha yetu inalijua hili, ndiyo maana ina maneno mawili. Akiba ni neno zuri. Tunawafundisha watoto kwamba akiba haiozi. Kuhodhi ni neno baya. Na wanavyuoni wa fikhi walishughulika sana na kosa la mfanyabiashara anayezuia chakula watu wakiwa na dhiki ili bei ipande. Lakini tazama vitu vyenyewe: magunia yaleyale, ghala lilelile, kufuli lilelile. Mpita njia hawezi kujua kwa kutazama kama lile ni ghala la akiba au la kuhodhi. Tofauti iko wapi basi?

Jawabu la kwanza linalokuja ni kiasi: ukiweka kidogo ni akiba, ukiweka kingi ni kuhodhi. Silikubali. Nabii Yusuf aliweka nafaka ya miaka saba, ghala la nchi nzima, na hakuna anayemwita mhodhi. Betri yetu haikufika uniti moja, na ilikuwa kuhodhi.

Jawabu la pili ni nia. Hili lina nguvu zaidi, lakini nia ni kitu cha kujitetea nacho. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa hoja ambayo mpaka leo naiheshimu: "Ukimpa mmoja watakuja kumi. Ukiwapa kumi, betri itakufa, na hapo hatakuwa nacho wa kwanza wala wa kumi. Umesaidia nini?" Kifundi ana haki. Betri inayogawiwa mpaka sifuri inaharibika. Anayesimamia mtandao wowote wa umeme hulala na hofu hiyohiyo, ndiyo maana kila mtandao una akiba isiyoguswa. Kutoa vyote si ukarimu. Ni njia nyengine ya kuwanyima watu wa kesho.

Jawabu la tatu nililipata kwa bibi, na yeye hakujua kama analitoa.

Bibi alikuwa na pipa la maji uani. Katika miezi ile maji yalikuwa dhahabu. Wanawake na watoto walizunguka na madumu na ndoo kutafuta kisima. Ndani ya pipa lake bibi alikuwa amechora mstari kwa mkaa. Maji yaliyo juu ya mstari, mtu yeyote wa mtaa aliyebisha hodi aliteka ndoo yake moja. Maji yakifika mstarini, basi: ni ya nyumba, ya kupikia na kutawadhia, wala hakuna aliyenuna. Mtoto akija anachungulia mwenyewe, anaona mstari, anasema "Bibi, yamefika," anakwenda zake. Hakuna aliyenyimwa na bibi. Walinyimwa na mstari, na mstari wenyewe waliuona.

Asubuhi baada ya ule usiku, bibi alikuwa anachambua mchele. Yeye alilala chumba cha juu, madirisha wazi, na feni yetu aliikataa tangu mwanzo. Alisema bila ya kuinua kichwa: "Hiyo betri yenu, mstari wake uko wapi?"

Mjomba akacheka. "Mama, betri si pipa. Ndani haionekani."

"Basi," bibi akasema, "ndo ubaya wake."

Hakusema zaidi. Lakini nadhani alisema yote. Akiba na kuhodhi hazitofautiani kwa ukubwa wa ghala wala kwa usafi wa moyo peke yake. Zinatofautiana kwa mstari: kama upo, kama ulichorwa kabla ya dhiki, na kama jirani anaweza kuuona. Mjomba naye alikuwa na mstari wake. Kosa lake ni kwamba aliuchora usiku uleule, kichwani mwake, baada ya kusikia hodi, na ukapita pale pale palipomfaa yeye. Rudi kwa Yusuf. Alipoomba awekwe juu ya maghala ya nchi alitaja sifa mbili, uaminifu na ujuzi, na njaa ilipofika, watu walipewa kwa kipimo, shehena ya ngamia kwa mtu. Ghala lilijulikana. Kipimo kilijulikana.

Sasa nitoke uani kwa bibi niende kwenye mambo makubwa, maana si mjomba peke yake mwenye betri.

Kisiwa chetu kinakula umeme wa Bara. Unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya wa mwanzo ni wa 1980, wa megawati 45. Mwaka 2008 tulikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, kuanzia Mei. Mwaka uliofuata, miezi mitatu ile. Baadaye yakaja majenereta ya dizeli ya Mtoni, na 2013 ukawashwa waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Marekani kupitia shirika la MCC. Tulipumua. Lakini kisiwa kinachotegemea waya mmoja au miwili ni sawa na nyumba isiyo na pipa: maji yapo maadamu bomba linatoka. Ndiyo maana mradi wa nishati ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa ajili ya Zanzibar ukaweka pamoja umeme wa jua na betri za kuuhifadhi. Ikiwa siku moja tutafunga na mitambo ya upepo upande wa mashariki, huko wanakorusha vishada watalii wa Paje, haja ya betri itazidi.

Wakenya wameshatutangulia kulionja tatizo hili. Karibu na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, pana mitambo 365 ya upepo, megawati 310 kwa jumla. Upepo wa kule ni wa ajabu, umebanwa baina ya milima kama hewa katika uchochoro wetu. Mitambo ilikuwa imesimama tayari, lakini waya wa zaidi ya kilomita 400 wa kuufikisha umeme Suswa ulichelewa. Ukaunganishwa Septemba 2018. Halafu ikaonekana jambo la pili: upepo wa Turkana unapenda usiku, na usiku Wakenya wamelala. Basi usiku wa manane msimamizi wa mtandao analazimika kuchagua: aambie mapanga yapunguze, au mvuke wa ardhini wa Olkaria uachiwe uende hewani. Vyote viwili ni vya bure, safi, na vimeshagharamiwa. Kimoja kinamwagwa. Na wakati huohuo, ndani ya nchi ileile, kuna nyumba inayowasha koroboi.

Nikiisoma habari hii naona kwamba kutohifadhi nako si kutokuwa na dhambi. Tumezoea kufikiri mhodhi ndiye mkosa na asiyeweka kitu ni mtu safi. La. Anayemwaga kwa sababu hakujenga ghala naye amemnyima mtu, ila hamjui jina wala hakusikia hodi yake.

Dawa zipo za aina nyingi, na si zote ni betri za lithiamu. Wenye milima wanapandisha maji kwenye bwawa la juu upepo ukizidi, wakayateremsha jioni. Unguja haina mlima. Kilima cha Masingini hakifiki hata mita 150. Lakini Bara kuna mabwawa, la Mtera, na sasa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye mitambo ya megawati 2,115, na bwawa ni akiba: upepo ukivuma unaweza kuyazuia maji, ukitulia ukayafungulia. Visiwani tuna njia nyengine za kimasikini ambazo mimi nazipenda zaidi. Pampu za maji zifanye kazi wakati umeme umezidi, zijaze matangi yaliyo juu, na jioni maji yateremke yenyewe. Barafu ya wavuvi igandishwe saa za upepo, iuzwe saa za samaki. Tangi na barafu ni betri ambazo mtoto anaweza kuchungulia akaona zimebaki ngapi.

Ila hata ukichagua chombo kipi, swali la bibi linakufuata. Betri kubwa nayo ina mwisho. Aina hizi zinazofungwa sasa duniani hutoa umeme kwa saa chache, si kwa msimu. Ikifika maleleji, kaskazi imekufa na kusi haijasimama, mawingu ya masika yamefunika jua, na waya wa baharini umepata hitilafu, betri itakuwa na saa tatu, nne. Nani azimiwe kwanza? Hoteli yenye viyoyozi 100, inayolipa bili kubwa na kuajiri vijana wetu? Pampu ya maji? Chumba cha upasuaji? Kiwanda kidogo cha barafu? Nyumba ya shamba iliyounganishwa umeme mwaka jana, inayotumia taa tatu na simu mbili?

Mimi sina orodha. Pengine hospitali na maji vitangulie, na hapo wengi tutakubaliana. Baada ya hapo pana mabishano ya haki kabisa. Hoteli ikizimwa kuna mhudumu anayekosa mshahara. Ninachodai ni kidogo kuliko orodha. Nadai mabishano hayo yafanyike mchana, umeme ukiwepo, na mstari ubandikwe mahali mtu wa kawaida anaweza kuusoma. Kwa sababu mstari utakuwepo tu, tupende tusipende. Kila betri inayodhibitiwa na kompyuta ina amri ndani yake: ikifika asilimia kadhaa, kata kule, bakisha huku. Kuna mtu aliyeiandika. Ikiwa hatuujui mstari huo, basi kisiwa kizima kitakuwa kimesimama nje ya mlango, na ndani mtu ananong'ona: zima kwanza.

Kuna atakayesema: wewe unachanganya mambo, ya jirani ni ya utu, ya mtandao ni ya uhandisi. Nimelifikiria sana hilo. Na kweli kuna tofauti: jirani ana uso, mtandao una namba za mita. Lakini tofauti hiyo inanitisha badala ya kunituliza. Mjomba ilibidi angalau aamke, aone haya, awashe kandili la uongo. Mtandao hauoni haya. Haya inapaswa kuwekwa ndani yake na watu kabla, kwa maandishi, kama mkaa ndani ya pipa.

Bibi ametangulia mbele ya haki, na mjomba naye. Nyumba ile ya Malindi sasa naishi mimi. Mwaka juzi niliweka paneli mbili za jua darini na betri ya lithiamu ukutani. Hii ina kioo kidogo kinachoonyesha asilimia, kwa hivyo kisingizio cha "ndani haionekani" hakipo tena. Umeme siku hizi unakatika kwa masaa tu. Hata hivyo nimetoa waya mmoja mpaka barazani wenye soketi nne, na juu yake nimebandika karatasi: *Mpaka 40. Ikifika 40 inazima yenyewe.*

Yule binti wa mlango wa pili, sasa ni mama wa watoto watatu, alikuja kututembelea Idi iliyopita. Mama yake aliishi miaka tisa baada ya usiku ule. Aliisoma karatasi, akacheka, akakaa barazani. Nikaona bora nimwambie. Nimelibeba miaka yote. Nikamweleza betri ya chini ya kitanda, feni, kandili, na uongo wa chaji kidogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kofia yake iko kichwani mwake: "Sisi tulikuwa tukiisikia feni yenu. Kila usiku. Dirisha la mama na lenu si yanatazamana?"

Nikamuuliza kwa nini hawakusema.

"Mama alitukataza. Alisema mtawaona haya."

Akachomeka simu yake. Kioo kilikuwa kimeandika 63.